Amri ya Serikali Hutoka Wapi, na Mkulima Anaweza Kuuliza Nini?

Mkulima wa skimu huishi karibu na amri za Serikali kuliko mkulima aliyerithi shamba la babu yake. Siku alipogawiwa shamba alipewa na barua ya masharti. Akitaka kuuza ekari mbili, au kumkatia mwanawe sehemu, hapana budi afike mbele ya Bodi ya Ardhi. Akiuza maziwa ataulizwa leseni. Akiuza mbegu atakutana na mkaguzi. Akipeleka mazao sokoni kwa gari atasimamishwa njiani alipe ushuru wa kaunti. Na akiuliza kwa nini, mara nyingi jawabu ni moja tu: "Serikali imesema."

Katika somo la mwezi huu nataka tulipasue neno hilo tuone ndani yake mna nini. Maana si kila neno lisemwalo na mtu wa Serikali ni sheria, wala si kila amri isiyotupendeza ni mbaya. Katika miaka hii kuna mabishano makubwa mahakamani na Bungeni juu ya uwezo wa mawaziri, bodi na maafisa, na mabishano hayo yamefika mpaka juu ya meko ya mkulima mdogo, pale anapoweka mbegu zake.

MBEGU ZA NYUMBANI

Kenya ina Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, iliyopitishwa na Bunge mwaka 1972. Mwaka 2012 Bunge liliibadili na kuitia nguvu zaidi. Baada ya hapo, mtu aliyeuza mbegu ambazo hazikukaguliwa na kuandikishwa, au hata kubadilishana na jirani yake, aliweza kufungwa mpaka miaka 2, au kutozwa faini ya mpaka shilingi 1,000,000, au kupata adhabu zote mbili. Wakaguzi nao walipewa uwezo wa kuingia mahali palipowekwa mbegu na kuzichukua.

Hebu fikiri maana yake. Mama amechagua magunzi yaliyo mazuri, ameyaning'iniza juu ya meko yapate moshi, kisha wakati wa mvua amempa wifi yake vibaba viwili vya mahindi naye akapewa maharagwe. Kwa maandishi ya sheria ile, jambo hilo, ambalo mama yake na bibi yake walilifanya kila mwaka, lilikuwa kosa la kumpeleka gerezani.

Haifai kusema kwamba sheria ile ilitungwa na watu wasiojali. Ilikuwa na sababu zake. Kuna walaghai watiao rangi mahindi ya kula na kuyauza katika mifuko mizuri, na mkulima hatambui kwamba ameibiwa mpaka mvua imekwisha na shamba lina mapengo. Tena magonjwa husafiri ndani ya mbegu. Mnyauko wa viazi huingia shambani pamoja na viazi vya kupanda, na wale walioona ule ugonjwa wa kuoza kwa mahindi, uliotokea Bomet mwaka 2011, hawahitaji kuelezwa na mtu. Pia Kenya imo katika mapatano ya mataifa ya kulinda haki za watu wanaozalisha aina mpya za mimea. Iliingia mwaka 1999, na mwaka 2016 ikakubali masharti ya mwaka 1991, ambayo humlinda mzalishaji zaidi.

Lakini sababu njema haitoshi kuifanya kila amri kuwa halali. Mwaka 2022 wakulima wadogo 15 walipeleka shauri katika Mahakama Kuu ya Machakos. Walilalamika kwamba vifungu vile vinawanyima haki ya kuweka, kugawa na kubadilishana mbegu zao. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 11, inaliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda mbegu za kienyeji na matumizi yake na jamii za Kenya. Tarehe 27 Novemba 2025 mahakama iliwakubalia. Ilitangaza kwamba vifungu vilivyozuia mkulima kuweka na kubadilishana mbegu, na vile vilivyompa mkaguzi uwezo wa kuvamia ghala za mbegu, ni kinyume cha Katiba.

Msomaji asikimbie na habari hii nusu. Mahakama haikufuta sheria nzima ya mbegu, wala haikumpa mtu ruhusa ya kutia rangi mahindi na kuyauza kama mbegu. Na hukumu ya Mahakama Kuu yaweza kukatiwa rufaa, basi mwenye kushughulika na mbegu kwa biashara na aulize kwanza hali ilivyo kabla hajapakia gari.

NGAZI TATU ZA AMRI

Sasa tuone amri hutoka wapi. Ngazi ya kwanza ni sheria yenyewe, nayo hutungwa na Bunge. (Kaunti zina mabaraza yao ya kutunga sheria, na ushuru ule wa njiani hutoka huko.) Bunge haliwezi kuandika kila jambo dogo, kama vile uzito wa mfuko, bei ya leseni, au fomu ya kujazwa. Kwa hiyo ndani ya sheria humpa Waziri uwezo wa kutunga kanuni. Hiyo ni ngazi ya pili. Ngazi ya tatu ni afisa au bodi inayotumia kanuni kukata shauri la mtu mmoja: leseni yako imekataliwa, ng'ombe wako wasihamishwe, mapatano yako ya shamba hayakukubaliwa.

Kanuni haiwezi kuwa na nguvu kuliko sheria iliyoizaa, wala afisa hawezi kuwa na nguvu kuliko kanuni anayoishika mkononi. Ndiyo sababu swali la kwanza la mkulima liwe hili: "Amri hii imetoka katika sheria gani, na kifungu gani?" Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Afisa anayeijua kazi yake atakuonyesha. Asiyeweza kukuonyesha, huenda anakuambia desturi ya ofisi tu, na desturi ya ofisi si sheria.

Kanuni za Waziri zina njia yake ya kupita, nayo imeandikwa katika Sheria ya Hati za Kisheria ya mwaka 2013. Kabla ya kuitunga, watu watakaoguswa waulizwe maoni. Kama itawaletea watu gharama kubwa, itayarishwe taarifa ya kueleza gharama hizo, faida zake, na kama kuna njia nyingine ya kupata jambo lile lile. Kisha ichapishwe katika Gazeti la Serikali. Baada ya kuchapishwa, Waziri ana siku 7 za vikao vya Bunge kuifikisha huko. Isipofikishwa, nguvu yake hukoma. Ikifikishwa, kamati ya Bunge huichunguza na yaweza kupendekeza ifutwe. Lakini kamati ikikaa siku 28 bila kutoa taarifa, kanuni huhesabiwa kuwa imepita. Tena kanuni haiishi milele. Baada ya miaka 10 hufa yenyewe isipokuwa imeongezewa muda, na muda huo ni mara moja tu, usiozidi miezi 12.

Jambo hili la miaka 10 ni watu wachache sana walijualo. Nimeona katika ofisi mbalimbali kanuni kuukuu zimebandikwa ukutani mpaka karatasi imekuwa ya manjano, na hakuna anayeuliza kama bado zina uhai.

KUULIZWA MAONI: KWA KWELI AU KWA JINA?

Hapa ndipo mabishano yalipo makali. Kila mtu husema kwamba wananchi waulizwe. Lakini waulizwe namna gani, na wakijibu itakuwaje?

Mwaka 2019 Mahakama Kuu Zaidi, iliyo juu ya mahakama zote nchini, ilikata shauri la kampuni kubwa ya sigara, British American Tobacco, iliyopinga kanuni za tumbaku za mwaka 2014. Kampuni ilidai pamoja na mengine kwamba haikuulizwa ipasavyo. Mahakama ilieleza kwamba kuuliza maoni kuwe kwa kweli, si kwa kutimiza desturi tu. Watu wapewe habari za kutosha, nafasi ya kutosha, na maoni yao yatazamwe. Hata hivyo kampuni ilishindwa, maana ilionekana kwamba nafasi ya kusema ilipewa. Kuna funzo hapo kwa pande zote mbili. Kuulizwa maoni si kupewa uwezo wa kukataa. Mtu aliyesikilizwa kisha akashindwa kwa hoja hawezi kusema hakusikilizwa.

Kisha likaja shauri la Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliitangua sheria hiyo, na moja ya sababu ilikuwa kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikataa maoni ya wananchi. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo Mahakama Kuu Zaidi iliirudisha. Ilisema Katiba haililazimishi Bunge waziwazi kutoa sababu kwa kila oni lililokataliwa, ingawa kufanya hivyo ni vizuri. Wako wanasheria wanaosema hukumu hiyo imeyafanya mabaraza ya maoni kuwa kama kusema na ukuta. Wako wanaosema kwamba Bunge likilazimishwa kujibu barua elfu moja moja moja, hakuna sheria itakayopita.

Wakulima wamelionja jambo hili katika mazao yaliyobadilishwa vinasaba, yale watu wayaitayo GMO. Mwaka 2012 Baraza la Mawaziri lilizuia vyakula hivyo kuingia nchini. Tarehe 3 Oktoba 2022 Baraza likaondoa katazo hilo. Watu wakaenda mahakamani wakisema hawakuulizwa. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliyatupa malalamiko hayo Oktoba 2023, lakini Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikaamuru mambo yasimame kwanza mpaka rufaa isikizwe. Mfanyabiashara wa mbegu hajui aagize au asiagize, na mkulima hajui apange nini kwa msimu ujao. Hii ndiyo gharama ya kuharakisha mwanzoni. Amri iliyopitishwa kwa siku moja yaweza kukaa mahakamani kwa miaka.

Nikiruhusiwa kusema maoni yangu, tangazo linalobandikwa Alhamisi jioni kwa mkutano wa Ijumaa asubuhi katika makao makuu ya kaunti, ambako nauli ni sawa na kibarua cha siku nzima, hilo si kuuliza watu. Lakini na sisi wakulima tuna lawama. Baraza likiitwa pale pale kwenye skimu, siku ya kazi, wanaofika ni wazee sita na vijana wa kupiga picha. Kisha kanuni ikitoka, kelele ni za skimu nzima. Anayeshindwa kufika aandike barua. Maoni ya barua huhesabiwa sawa na ya mdomo, tena hubaki katika faili.

AFISA AKIKUKATALIA

Bunge, kama tulivyoona, halikulazimishwa kutoa sababu. Afisa amelazimishwa. Wengi huchanganya mambo haya mawili.

Kifungu cha 47 cha Katiba chasema kila mtu ana haki ya kutendewa na ofisi ya Serikali upesi, kwa kufuata sheria, kwa namna inayokubalika na akili, na kwa utaratibu wa haki. Kama uamuzi unaharibu au utaharibu haki yake, lazima apewe sababu kwa maandishi. Mwaka 2015 Bunge lilitunga Sheria ya Matendo ya Haki ya Utawala kueleza jinsi ya kufanya hivyo. Kabla ya kukunyima au kukupokonya, afisa akuarifu mapema jambo analokusudia, akupe nafasi ya kujieleza, na akuambie kama kuna mahali pa kukata rufaa. Ukiomba sababu, ana miezi 3 ya kukujibu kwa maandishi. Asipojibu, uamuzi wake huhesabiwa kuwa haukuwa na sababu nzuri, mpaka yeye aonyeshe kwamba ilikuwako.

Tuseme mkulima mmoja ameomba leseni ya kukusanya maziwa ya majirani zake, naye amekwisha nunua mitungi na pikipiki kwa mkopo. Anapewa karatasi yenye neno moja, "Imekataliwa." Je, amekataliwa kwa sababu banda lake ni chafu, au kwa sababu fomu ilikosa sahihi, au kwa sababu mtu mwingine ametaka eneo hilo liwe lake peke yake? Kama ni uchafu, ataweka sakafu ya saruji. Kama ni sahihi, atatia sahihi. Kama ni ile sababu ya tatu, atakwenda mbele. Bila kujua sababu, hawezi kufanya lolote ila kulipa mkopo wa mitungi isiyofanya kazi.

Wako maafisa wanaonung'unika kwamba sheria hii imewafunga mikono. Husema: ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia, je, tumwandikie kila mfugaji barua na kungoja ajieleze, hali ng'ombe wanaendelea kuambukizana? Neno lao lina uzito. Karantini yataka kufungwa leo, si mwezi ujao. Lakini nionavyo mimi, haraka ya kufunga haizuii kuandika. Afisa aweza kufunga soko leo, na kesho akabandika karatasi ya kueleza ugonjwa umeonekana wapi, na katazo litatazamwa tena lini. Mfugaji mwenye kujua hayo hataswaga ng'ombe usiku.

Basi ukikataliwa, usikimbilie mahakamani kwanza. Sheria hiyo hiyo ya 2015 yataka umalize ngazi za rufaa zilizo ndani ya idara. Mashauri mengi hutupwa mlangoni kwa kosa hili moja. Mahakama yaweza kumruhusu mtu kuruka ngazi hizo ikiwa hali yake ni ya pekee, lakini lazima aombe na aonyeshe kwa nini. Akifika mbele ya mahakama kwa njia sawa, ombi lake la kutazamwa upya linatakiwa kukatwa katika siku 90.

BODI YA ARDHI

Kwa watu wa skimu ngazi hizi zina maana kubwa kuliko zote pale shamba linapotajwa. Kwa Sheria ya mwaka 1967 ya kusimamia mashamba, kuuza, kukodisha, kuweka rehani au kugawanya shamba la kilimo katika maeneo yaliyotajwa ni bure kama Bodi haikukubali. Ombi lipelekwe katika miezi 6 tangu siku ya kupatana. Bodi ikikataa, una siku 30 tu za kukata rufaa. Siku hizo zikipita mapatano yamekufa, na mnunuzi anachoweza kudai ni fedha zake zirudishwe kama deni.

Mahakama zenyewe zimevutana juu ya jambo hili. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ilishika maandishi kama yalivyo: hakuna kibali, hakuna mapatano. Mwaka 2018 majaji wengine wa mahakama hiyo hiyo walisema kwamba muuzaji aliyekula fedha, akamwingiza mnunuzi shambani, kisha akajificha nyuma ya kukosekana kwa kibali, hawezi kupata faida kwa udanganyifu wake. Hukumu ya pili yapendeza masikio, lakini mtu asinunue shamba kwa kuitegemea. Kesi yenyewe ilifika mpaka Mahakama ya Rufaa, na safari ile hailipwi kwa magunia kumi ya mahindi.

BARUA YA KUOMBA SABABU

Hakuna fomu maalumu. Karatasi ya daftari yatosha, na waweza kuandika kwa Kiswahili. Andika hivi:

"Kwa Bwana au Bibi Afisa. Mimi, jina langu na namba ya kitambulisho, wa shamba namba fulani, niliomba leseni (au kibali) tarehe fulani. Tarehe fulani niliarifiwa kwamba ombi langu limekataliwa. Kwa kufuata kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria ya Matendo ya Haki ya Utawala ya mwaka 2015, naomba nipewe kwa maandishi sababu za uamuzi huo, kifungu cha sheria kilichotumiwa, na mahali pa kukata rufaa pamoja na muda wake. Wako mtiifu."

Usiandike matusi wala habari za ukoo wa afisa, hata kama unazijua. Andika nakala mbili. Moja ibaki ofisini, na ya pili mwambie karani aigonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uende nayo nyumbani. Miezi 3 ya kujibiwa huhesabiwa tangu tarehe ya muhuri ule. Lakini zile siku 30 za rufaa ya Bodi ya Ardhi zina hesabu yake peke yake, basi peleka rufaa kabla hazijaisha, hata kama jawabu la barua bado halijafika.